Kidato cha nne cha miaka miwili

Hesabu ya njia mbadala ya kumaliza sekondari hapa Tanzania, ile ya walioacha shule, ukiikokotoa taratibu inashangaza. Kijana aliyeshindwa kumaliza sekondari kwa miaka minne, akisoma mchana, akiwa na mwalimu karibu kwa kila somo na mama wa kumwekea chakula, tunamwambia arudi aimalize kwa miaka miwili, jioni, akishatoka kazini, na safari hii anayepika ni yeye mwenyewe. Mwaka wa kwanza unabeba kidato cha kwanza na cha pili. Mwaka wa pili unabeba cha tatu na cha nne. Katikati kuna QT, ule Mtihani wa Maarifa wa Baraza la Mitihani, na mwisho kuna mtihani wa kidato cha nne, anaoufanya akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Akifeli, majirani wanasema tulijua tu.

Nimekaa vya kutosha na watu wa vituo vya jioni vinavyofundisha njia hii, kwanza kama mwalimu wa Jiografia wa jioni, baadaye kama mtu wa kupigiwa simu na ndugu za watu kuulizwa ushauri, na hadi leo sielewi ni nani aliyeamua kwamba mtu mwenye nafasi ndogo kuliko wote ndiye apewe muda mfupi kuliko wote. Sina ugomvi na njia mbadala yenyewe. Imewatoa wengi, na wengine leo ni wauguzi, makarani na walimu. Ugomvi wangu ni haraka yake, na haraka hiyo haikuja bure.

Njia hii ina wazazi wawili wasiofanana. Wa kwanza ni elimu ya watu wazima ya enzi za Mwalimu Nyerere. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio. Walisoma kijitabu, wakabishana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufukia madimbwi ya mbu. Miaka miwili baadaye ikaja Chakula ni Uhai, na mwaka huohuo wa 1975 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, TEWW, ikapewa sheria yake, na vyuo vya maendeleo ya wananchi vikaanzishwa kwa kuiga vile vya nchi za Skandinavia. Takwimu rasmi zilisema wasiojua kusoma na kuandika walikuwa karibu theluthi mbili ya watu wazima mwishoni mwa miaka ya 1960, na kufikia 1986 hawakufika asilimia 10. Takwimu za wakati wa kampeni nazichukua kwa tahadhari. Hata hivyo mpango ule ulikuwa na jambo moja ambalo leo limetuponyoka: ulimhesabu mwanafunzi kuwa mtu mzima mwenye shughuli zake. Saa za darasa zilifuata saa za shamba, lugha ilikuwa Kiswahili, na alichojifunza jioni alikitumia asubuhi.

Mzazi wa pili ni kufukuzwa. Kanuni za elimu za mwaka 2002 ziliruhusu mwanafunzi kufukuzwa kwa kosa dhidi ya maadili au kwa kufunga ndoa, na shuleni mimba ikahesabiwa humohumo. Juni 2017, akiwa Chalinze, Rais John Magufuli alitangaza kwamba katika utawala wake binti aliyepata mimba hatarudi shuleni. Mwaka uliofuata mkopo wa Benki ya Dunia kwa ajili ya sekondari ukakwama, na msimamo huo ulikuwa miongoni mwa sababu. Ulipopitishwa hatimaye, Machi 2020, dola milioni 500, ulikuja na suluhu ya katikati: wasichana waliofungiwa mlango wa mbele wangesoma kwenye vituo mbadala. Ndivyo fedha za SEQUIP, mradi wa kuboresha sekondari uliotokana na mkopo huo, zilivyoingia katika vituo vya TEWW.

Tarehe 24 Novemba 2021 aliyekuwa waziri wa elimu, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba mlango wa mbele umefunguliwa, na Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka huo ukaliweka jambo hilo kwenye maandishi. Kenya ilikuwa na sera ya namna hiyo tangu 1994. Tuliochelewa tulichelewa, na waliopotezewa miaka hiyo hawakurudishiwa.

Baada ya waraka, msichana aliyejifungua anaweza kuchagua: arudi shule ya kawaida avae sare tena, au aende kituoni jioni. Wengi bado wanachagua kituo, na wana sababu. Kukaa dawati moja na watoto wa miaka kumi na minne wakati wewe una miaka ishirini na mtoto anayekusubiri nyumbani si jambo dogo, tena katika mtaa ambao kila mtu anajua ilikuwaje. Kwa hiyo kituo kimebaki, na kinahitajika. Ila kimebaki na tabia za mzazi wake wa pili. Kimepangwa kwa ajili ya kumpitisha mtu upesi, bila kelele, apate namba ya mtihani, suala liishe.

Mjadala wetu wote wa miaka hiyo ulikuwa juu ya mimba, na ilikuwa haki. Lakini fungua takwimu za elimu ambazo serikali huzitoa kila mwaka, utaona kwamba sababu inayoandikwa mbele ya majina mengi zaidi ya walioacha shule ni utoro. Mimba ni sehemu ndogo ukilinganisha. Na utoro, kama alivyowahi kuniambia mwalimu mkuu mmoja huku akifunga rejesta, ni kapu. Humo ndani yumo aliyekwenda kuchunga ng'ombe, aliyekwenda machimboni, aliyeona aibu ya kuvaa viatu vilivyochanika, aliyekuwa akitembea kilomita nyingi bila kunywa hata uji, aliyechapwa akachoka, na yumo pia binti ambaye wazazi walimwahi kumhamishia kwa shangazi kabla tumbo halijaonekana. Wote wanaandikwa watoro. Ukimpa mtu jina hilo umekwisha kumhukumu, na huna haja ya kumuuliza kilichomtoa.

Wavulana wamejaa kwenye kapu hilo. Mpango wa SEQUIP uliwalenga zaidi wasichana, na kwa historia niliyoieleza hapo juu ilikuwa lazima iwe hivyo. Lakini kijana wa kiume aliyeishia kidato cha pili akaenda kuendesha bodaboda hana mradi wala waraka unaomtaja kwa sifa yake, na akijisajili kituo cha jioni analipa kwa mfuko wake. Wenzake wa shule za serikali walifutiwa ada ya mtihani tangu elimu bila ada ilipoanza 2016. Yeye mtahiniwa wa kujitegemea anailipa, na usajili huwa mwanzoni mwa mwaka, Januari na Februari, miezi ambayo Mtanzania yeyote hahitaji kuelezwa ilivyo. Hana sare, kwa hiyo konda hana sababu ya kumtoza nauli ya mwanafunzi. Mambo madogo haya yakijumlishwa kwa wiki yanakuwa kiroba cha unga.

Sasa turudi kwenye muda, maana hapa ndipo jambo lilipo.

Vituo vingi huanza darasa kati ya saa tisa na saa kumi na moja, kwa sababu vyumba ni vya shule ya msingi au sekondari ya kata, na lazima watoto watoke kwanza. Saa hizo zinamfaa nani? Bodaboda anaanza kupata abiria wa maana saa kumi na moja, watu wanapotoka kazini. Hesabu ya bosi anaitafuta hapo. Mama lishe wa usiku ndiyo kwanza anawasha jiko. Binti wa kazi za ndani anatakiwa aogeshe watoto wa tajiri yake na kuandaa chakula cha usiku. Hao ndio wateja wa njia mbadala, na ratiba imekaa sawasawa juu ya saa zao za kula. Nilikuwa na mwanafunzi aliyeegesha pikipiki nje ya dirisha, akakaa dawati la ukutani ili aione. Simu ya abiria ikilia anatoka, anampeleka mtu hadi stendi, anarudi tukiwa tumeshavuka mada. Alikuwa na akili nzuri. Daftari lake lilikuwa na vichwa vya habari vingi na aya chache.

Kijana wa namna ile akihudhuria nusu ya vipindi vya programu iliyokwisha kukatwa nusu, amebakiwa na robo. Robo ya kidato cha kwanza hadi cha nne. Halafu Novemba anakaa kwenye mtihani uleule, karatasi ileile, na mwenzake aliyefundishwa miaka minne na kufanyiwa kambi ya mitihani shuleni. Matokeo yanapotoka Januari magazeti yanaweka asilimia za makundi mawili: ufaulu wa watahiniwa wa shule, ambao kuanzia 2020 umekuwa juu ya asilimia 85 na mwaka 2024 ulifika asilimia 92.37, na ufaulu wa watahiniwa wa kujitegemea, ambao huachwa mbali. Kila ninapoona watu wanazilinganisha namba hizo mbili kana kwamba ni timu mbili za ligi moja, nachoka. Kwenye kundi la pili wamo waliokuwa wakirisiti mara ya tatu, waliojisajili wakakosa nauli ya siku ya mtihani, na waliofundishwa Hisabati na mwalimu wa Historia kwa kuwa ndiye aliyekuwepo.

Wapo wanaoitetea miaka miwili, na hoja yao ina uzito. Wanasema mtu mzima hana miaka minne ya kuchezea. Ukimwongezea muda atakata tamaa katikati, ataolewa, atahama, biashara itamwita. Ni kweli. Nimewaona wakiyeyuka kila mwezi, na hakuna shaka kwamba miaka mitano ingewayeyusha zaidi. Lakini watetezi hao wanaufikiria muda kama kamba moja, fupi au ndefu. Kuna namna nyingine. Anayerisiti tayari anachagua masomo aliyoanguka, anayafanya hayo tu, kisha anaunganisha vyeti viwili na vyuo vinampokea. Kwa nini anayeufanya mtihani wa kidato cha nne kwa mara ya kwanza apangiwe furushi la masomo saba kwa mkupuo? Mwache afanye Kiswahili, Uraia na Historia mwaka huu. Mwakani afanye Jiografia na Biolojia. Kila Januari awe na kitu mkononi cha kumwonyesha mume, mama au bosi anayeuliza hivi unaenda wapi kila jioni. Wengi niliowafundisha hawakuwa wakitafuta Division One. Walikuwa wakitafuta D nne, kwa sababu D nne ndizo zinazofungua mlango wa astashahada, na astashahada ndiyo inayofungua ajira. Kujenga mfumo mzima kana kwamba kila mtu anakwenda kidato cha tano ni kuwapimia watu nguo ya mtu mwingine.

Kuna mwiba mwingine, na huu unauma zaidi ya muda.

Jioni moja tulikuwa kwenye mada ya mmomonyoko wa udongo. Darasani alikuwepo mama mmoja kutoka upande wa Mgeta, juu kule milimani, aliyeshuka mjini Morogoro kuuza kabichi na njegere akabaki. Nilipochora mteremko ubaoni alisimama bila kuitwa. Alieleza kwamba anayelima kwa kushuka na mlima anawaharibia watu watatu walio chini yake kabla hajajiharibia mwenyewe. Kwamba maji huanza kuchimba pale njia ya miguu inapopita. Kwamba kuna mimea wanaiacha kwenye kingo makusudi. Kisha akaongeza kitu ambacho hakimo kwenye kitabu chochote cha kiada nilichokuwa nacho: bibi yake alikuwa akisimulia jinsi Waluguru walivyoyakataa matuta ya Mwingereza, kwa kuwa kuyachimba kulipandisha juu udongo mbovu wa chini na kufukia ule mzuri. Alikuwa anazungumzia upinzani wa 1955, ambao wanahistoria wameuandikia kurasa nyingi. Darasa lilinyamaza likimsikiliza. Mimi pia.

Wiki iliyofuata nikatoa jaribio. Swali lilikuwa kwa Kiingereza, kama mtihani wa taifa utakavyokuwa: eleza njia sita za kudhibiti mmomonyoko wa udongo. Yule mama aliandika mistari mitatu, miwili kati yake ikiwa ni swali lenyewe amelinakili. Kwa mwongozo wa kusahihisha alistahili sifuri, na msahihishaji wa Baraza angempa sifuri kwa haki kabisa.

Mjadala wa lugha ya kufundishia sekondari ni mkubwa na sitaumaliza hapa. Najua hoja za pande zote, na najua wazazi wengi wangeandamana Kiingereza kikiondolewa. Ninachosema ni kidogo zaidi. Mtoto aliyetoka darasa la saba mwezi uliopita anakizoea Kiingereza cha sekondari polepole, kwa kusoma mchana kutwa kwa miaka minne, na bado wengi hawakizoei. Mtu aliyeacha shule miaka minane iliyopita hata kile kidogo alichokuwa nacho kimekwenda. Ukimrudisha, kazi ya kwanza kabisa kabla ya Jiografia wala Biolojia ingekuwa lugha, miezi mitatu au minne ya lugha tupu. Hakuna nafasi ya hiyo miezi ndani ya miaka miwili. Kwa hiyo mwalimu wa jioni anafanya tunachofanya wote: anaeleza kwa Kiswahili, anaandika ubaoni kwa Kiingereza, wanafunzi wananakili, wanakariri. Na wenye kukariri vizuri ndio wanaofaulu. Mama wa Mgeta hakuwa na kipaji cha kukariri.

Enzi za Mtu ni Afya mama yule angekuwa mwezeshaji wa kikundi.

Suala la watoto wa wanafunzi nalo lisemwe, maana huwa linasemwa mwisho, wakati kwa msichana mwenyewe ndilo la kwanza. Njia mbadala iliyofufuliwa kwa sababu ya wasichana waliojifungua ilipaswa kuanza na swali: mtoto atakaa wapi saa hizo? Kwenye vituo vingi jibu ni kwamba atakaa popote. Anaachwa kwa bibi kama bibi yupo na ana moyo. Anaachwa kwa jirani kwa shilingi mia tano na maneno. Au anakuja, analala kwenye kanga chini ya dawati, na mama yake anaandika kwa mkono mmoja. Vyuo vya maendeleo ya wananchi vimelifikiria jambo hili vizuri zaidi. Chini ya programu ya Elimu Haina Mwisho, iliyoendeshwa na shirika la Karibu Tanzania pamoja na vyuo hivyo, wasichana waliokatiza masomo walisoma masomo ya sekondari na ufundi, na chuoni kukawekwa mahali pa kulelea watoto. Mama anasoma ushonaji au Biolojia, mtoto yuko ng'ambo ya uwanja, akilia anaitwa. Sijui kama kuna matumizi ya fedha ya elimu yenye faida ya haraka kuliko chumba kile, mkeka na mlezi mmoja anayelipwa mshahara wake kwa wakati. Na kwa kuwa vyuo hivyo vina mabweni na karakana, msichana hapangiwi kuchagua kati ya cheti na mkono wa kazi.

Sayansi ni habari fupi na mbaya. Vituo vingi vya jioni havina maabara, kwa hiyo vinafundisha masomo ya sanaa, na Biolojia kwa kuchora. Nenda kaulize wasichana wa kituo chochote wanataka kuwa nani. Nusu watakwambia nesi. Uuguzi unataka Kemia, Biolojia na Fizikia kwenye cheti. Tunawapokea wakiwa na ndoto hiyo, tunawafundisha miaka miwili, tunawapongeza, halafu wanakwenda kuomba chuo na kugundua kwamba tangu siku ya kwanza njia waliyowekwa haikuwa inaelekea huko. Sekondari za kata zina maabara, mbaya au nzuri, ambazo kuanzia saa tisa alasiri zinafungwa kwa kufuli. Ufunguo ni wa mwalimu wa zamu. Sidhani kama hilo linahitaji mkopo wa Benki ya Dunia.

Kwa kijana wa pikipiki, nilimshauri vingine kabisa. Alikuwa amejifunza ufundi wa injini kwenye gereji ya mtaani na mikono yake ilikuwa inajua kitu. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo: fundi anapimwa kwa kazi, anajazwa mapengo yake, anapewa cheti. Aliniangalia kama niliyemtukana. Alitaka kidato cha nne. Kwake cheti cha ufundi kilikuwa ni kukubali kwamba alishindwa, na kidato cha nne kilikuwa ni kufuta. Nilijaribu kubishana, nikaacha. Sisi ndio tuliomfundisha hivyo, sisi ambao fomu zetu zote za kazi, hata za ulinzi na udereva, zinaanza na neno kidato cha nne na kuendelea. Waajiri wakiendelea kudai cheti kile kwa kazi isiyokihitaji, mafundi wataendelea kukaa usiku wakikariri tarehe za Mkutano wa Berlin.

Zanzibar pale Rahaleo wana kituo cha elimu mbadala ambako ufundi wa mikono hauonekani kama adhabu ya waliofeli, na nadhani siri yake ni kwamba kina jina na jengo lake. Wanafunzi wake hawasubiri watoto wa mchana watoke ndipo waazimwe madawati. Bara, vituo vingi ni wapangaji. Hata ubao si wao. Asubuhi mwalimu wa darasa la tano anafuta walichoandika.

Na upangaji huo unakaribia kuwa shida kubwa zaidi. Sera mpya ya elimu iliyozinduliwa mapema 2025 inafanya elimu ya lazima kuwa ya miaka kumi, shule ya msingi ikiwa ya miaka sita badala ya saba. Ni uamuzi mzuri, na una maana moja ambayo haijazungumzwa vya kutosha: mtoto anayeacha shule akiwa kidato cha pili hataweza tena kuitwa mtu aliyepoteza nafasi yake, kwa sababu serikali yenyewe imesema miaka hiyo ni ya lazima. Kumrudisha kutakuwa deni. MEMKWA, mpango uliobuniwa mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa watoto walioikosa shule ya msingi, pamoja na vituo vya sekondari vya jioni, vitapaswa kuhama kutoka kwenye bajeti za miradi ya wafadhili kwenda kwenye bajeti ya kawaida, yenye walimu walioajiriwa kwa kazi hiyo. Leo wengi wanaofundisha jioni ni walimu wa mchana waliochoka, au vijana waliomaliza vyuo wanaosubiri ajira, wanaolipwa posho ikija.

Katika mpito wa kutoka miaka saba ya msingi kwenda sita, inatarajiwa kwamba 2028 wanafunzi wa darasa la sita na wale wa saba wataingia kidato cha kwanza kwa pamoja. Makundi mawili, mwaka mmoja, madarasa yaleyale, isipokuwa yatakayojengwa kabla ya hapo. Tunajua kinachotokea darasa likijaa: wa nyuma wanaacha kusikia, wakiacha kusikia wanaacha kuja, rejesta inawaandika watoro. Kati ya 2029 na 2031 vijana hao watakuwa wanagonga kwenye vituo vya jioni, na vyumba ambavyo vituo hivyo vinavitegemea huenda wakati huo vikawa na mkondo wa pili wa wanafunzi wa kawaida hadi saa kumi na mbili jioni. TEWW na halmashauri zina miaka michache ya kuamua watasomea wapi, saa ngapi, na kwa muda gani.